Migongo ya Asali Jazz

Ambrosi Shigela alifukuzwa kazi na kitufe. Meneja hakumfukuza, wala uzee haukumfukuza, ingawa uzee ulikuwa umeshahamia kwenye vidole viwili vya mkono wake wa kushoto na kujiona mwenye nyumba. Ilikuwa hivi: bendi yake, Asali Jazz ya Tabora, ilinunua kinanda, na mpiga kinanda akawaonyesha wenzake kwamba ukibonyeza kitufe fulani pale pembeni, besi inapiga yenyewe. Haichoki, haili ugali, haiombi nauli ya treni. Ambrosi aliisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakilaza upande kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, akasema, "Inapiga vizuri. Ila haimsikilizi mtu."

Wakacheka, wakampa mkono. Akarudi kwake, mtaa wa Cheyo, na gitaa lake la besi begani, mtu wa miaka sitini na minne, na kati ya hiyo arobaini na miwili aliimaliza jukwaani. Miezi minane baadaye Asali Jazz yenyewe ikafa, kitufe na vyote. Ambrosi hakufurahi, lakini kulia pia hakulia.

Nyumbani kulikuwa na mke, Leonia, mwanamke aliyezoea mume wa kuja na kuondoka. Mume wa kukaa alikuwa mgeni kwake. Kila wakila, vidole vya Ambrosi vilitembea mezani, dum-du, dum-du, vikombe vikicheza.

"Baba Kornel, hii meza ni ya chakula."

"Naiwekea besi kidogo."

"Mchicha hauhitaji besi. Unahitaji mtu wa kuula."

Uvumilivu wa Leonia ulikwisha siku ya Jumanne. Alinunua kopo la rangi ya buluu na brashi, akamwonyesha mlango wa jiko, akaenda zake sokoni. Hakujua anakoroga nini. Ambrosi aliumaliza mlango kabla ya saa nne, akabakiwa na rangi, na mkono kama ule haukai bure karibu na rangi iliyobaki. Leonia aliporudi alikuta kwenye mlango wake jogoo mkubwa, mkia juu, manyoya yamesimama kama kafukuzwa sasa hivi, anaingia zake jikoni.

Akaweka kikapu chini. Akatazama kwa karibu, akatazama kwa mbali.

"Mbona umemchora kwa nyuma?"

"Ndivyo alivyokuwa anakwenda."

"Miaka thelathini na mitano nalala na mtu, sijui kama anajua kuchora."

"Niliacha kabla sijakuoa."

"Uliacha kwa nini?"

"Kwa sababu ya L," alisema Ambrosi, akaenda kuosha brashi.

Sasa habari ya L. Katika kinywa cha Mnyamwezi aliyekulia kijijini, L na R ni watoto wa mama mmoja. Ukimwita huyu, anaweza kuitika yule. Kwenye maongezi haina ubaya. Tabora imepokea vinywa vya kila namna tangu enzi za misafara, na wote walielewana bei. Ubaya unaanza pale herufi inapopandishwa ukutani, urefu wa mkono mzima, kwa rangi nyekundu.

Ambrosi alikuja mjini kutoka kijiji cha upande wa Isikizya, ana miaka ishirini na mkono unaochora chochote unachoutajia. Akajifunza kwa fundi mmoja wa mabango, na kazi yake ya kwanza ya peke yake ilikuwa ukuta wa duka la vitambaa la Mzee Popatlal, karibu na soko. Alimchora mama mmoja aliyejifunga kitenge, katulia, shingo ndefu, mpaka wazee wawili waliopita jioni wakampa salamu na kusubiri aitikie. Juu ya kichwa cha yule mama akaandika jina la duka kama alivyolitamka siku zote: POPATRAR NA WANAWE.

Kesho yake nusu ya soko ilikuwa mbele ya ukuta, imeshika mbavu. Mzee Popatlal akatoka na kikombe chake cha chai, akasoma taratibu.

"Ambrosi, mimi naitwa nani?"

"Popatrar, mzee."

"Basi hujakosea. Umeandika unachosema."

Mzee mwenyewe hakukasirika. Alisema herufi mbili zitarekebishwa baada ya chai, basi. Lakini wachukuzi wa soko walikuwa wameshampa jina, Fundi Popatrar, na jina la kupewa sokoni halina rufaa. Alfajiri ya siku ya pili Ambrosi alikuja na ndoo ya chokaa. Akafuta herufi mbili mbaya. Akafuta na zile nzuri. Mkono ukishaanza kuona aibu hausimami, akamfuta na yule mama, kitenge chake na shingo yake. Mzee Popatlal alipokuja kufungua duka akakuta ukuta mweupe, na hapo ndipo sauti yake ilipopanda.

"Herufi zilikuwa mbaya. Huyu mama alikukosea nini?"

Ambrosi akachukua ndoo yake, akaondoka. Swali lile alilibeba muda mrefu kuliko alivyolibeba lile jina.

Juma lilelile Asali Jazz walikuwa wanatafuta mtu wa kupaka rangi masanduku ya spika. Akaenda, maana masanduku hayaandikwi kitu. Akakuta mpiga besi wao katorokea Mwanza na mke wa mtu, na gitaa limelazwa kwenye kiti kama mtoto aliyeachwa kwa bibi. Alipomaliza kupaka, akaligusa. Nyuzi nne nene, na besi haina L wala R. Rangi ya mwisho ilipokauka alikuwa ameshajua nyimbo mbili, na yule wa Mwanza hakurudi kudai chake.

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye muziki, na muziki ulimtunza. Barabara ile ya zamani waliyopita babu zetu na pembe za ndovu kichwani, Ambrosi aliipita kwa treni ya daraja la tatu, besi mapajani: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma, kisha kurudi. Walipiga Ulyankulu Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na viatu vya kanisani, na viatu hivyo vikarudi nyumbani havifai tena kwa kanisa. Walipiga harusi za Wakatoliki, sherehe za mavuno ya tumbaku, na siku moja msibani kwa makosa, maana tarishi alisikia vibaya; wafiwa wakaomba wimbo mmoja wa pole, wakaishia kuomba sita. "Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi," Ambrosi alipenda kusema. "Alibeba mzigo wa mtu mpaka pwani. Mimi nambeba Valentino."

Valentino alikuwa mwimbaji, mwenye meno mazuri na akili ya kuyaonyesha. Yeye alisimama mbele. Pembeni yake alisimama Gerson wa gitaa la pili, mtu mpole, Mmoraviani, bega moja limeshuka kidogo kuliko jingine. Ambrosi alisimama nyuma kabisa, karibu na ngoma, kwa sababu besi na ngoma lazima vilale kitanda kimoja. Kwa hiyo watu waliolipa kiingilio waliona nyuso. Ambrosi kwa miaka arobaini na miwili aliona migongo.

Na aliisoma, msidhani. Shati la Gerson likilowa katikati tu, wimbo unakwenda vizuri. Likilowa mabegani, kuna mtu kakosea funguo. Mgongo wa Valentino ndio uliokuwa gazeti. Valentino alikuwa na ugonjwa wa kusahau maneno, na hakuna aliyejua isipokuwa watu wa nyuma. Akisahau, anaupeleka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, anachezesha vidole: zungusha tena, zungusha tena, sijalipata. Ambrosi anazungusha. Mbele watu wanapiga makofi, wanasema leo Valentino anatuchezea, hataki kuimba haraka. Akilipata neno, anafumba ngumi, na besi inamfungulia mlango.

Basi, mwaka huu, habari za jogoo zikafika mjini. Leonia alikwenda dukani kwa Popatlal kununua kitenge, na Leonia akinunua kitenge hanunui kimyakimya. Duka siku hizi wanalo wajukuu wa mzee, Janvi na kaka yake Jigar. Walikuwa wanalikarabati, walifungue upya Jumamosi moja kabla ya Diwali. Siku ya tatu Janvi alikuwa Cheyo, amesimama mbele ya mlango wa jiko, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Huyo hadonoi."

"Mzee Ambrosi, nataka Asali Jazz kwenye ule ukuta wetu wa pembeni. Sare zenu zote zilitoka kwetu. Babu alikuwa anatuonyesha jora: hili Asali Jazz, hili Asali Jazz."

"Mimi na ule ukuta tuliachana vibaya."

"Najua. Babu alitusimulia habari za yule mama mpaka tunamjua. Alisema alikuwa na shingo nzuri."

Ambrosi akatazama chini. Leonia, aliyekuwa anachambua mchele na masikio yake yote, akasema, "Atakuja Jumatatu."

"Herufi sichori," alisema Ambrosi.

"Herufi zinatoka Mwanza, za mashine," alisema Janvi. "Wewe tuchoree watu."

Kwa wiki mbili Ambrosi alifanya kazi nyuma ya turubai. Vidole vilivyokataa nyuzi vilikubali brashi, maana brashi haihitaji kubanwa kwa nguvu, inataka kuongozwa. Leonia alimletea uji na kumkaripia ashuke kwenye ngazi. Ambrosi hakumruhusu hata yeye kuchungulia. Ila siku moja alimwambia jambo moja, akipuliza uji. "Mama Kornel, sikuacha rangi kwa sababu walinicheka. Nilimfuta mtu ambaye hakuwa na kosa. Safari hii, waseme watakavyosema, sishiki chokaa."

"Na wakikucheka?"

"Wacheke. Nitakaa palepale."

Kusema ni rahisi. Jumamosi saa nne watu walijaa barabarani. Valentino alikuja na suti nyeupe na kofia, amekata nywele kwa ajili ya kujiona ukutani. Siku hizi anaimba kwenye harusi, meno bado anayo. Janvi akavuta kamba. Turubai likaanguka.

Vichwa vyote vikainuka.

Ukutani walisimama watu sita wakubwa kuliko watu, mashati ya manjano, na wote sita wamewageuzia Tabora mgongo. Mbali, mbele yao, kulikuwa na umati mdogo wa wachezaji, vichwa kama punje za mtama, na jua la mchana. Kila mkunjo wa shati ulikuwepo. Kila jasho. Uso, hakuna hata mmoja.

"Hapa mbele ni wapi?" mama mmoja muuza karanga aliuliza.

"Mbele kuko ndani ya duka," mwingine akamjibu, na kicheko kikaanza kule nyuma, kikasogea.

Valentino alivua miwani, akaivaa tena. "Ambrosi. Mimi ni yupi?"

"Wa katikati."

"Huyu mwenye kisogo?"

"Wote wana visogo, Valentino."

"Nimekuja na suti," alisema Valentino, sauti yake ya jukwaani ikapata watazamaji. "Nimewaita shemeji zangu kutoka Urambo. Waje waone kisogo changu? Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Leo bendi nzima imewapa watu wa Tabora kisogo, na aliyeifanya hivyo ni mpiga besi."

"Wahenga hawakupiga besi," alisema Ambrosi. "Mlinisimamisha nyuma yenu miaka arobaini na miwili. Ningechora nini, mapua?"

Watu wakacheka tena, lakini hapo Jigar akawa amefika, na Jigar hakucheka. Ni mtu wa heshima, ila ni mtu wa biashara, na jasho lilikuwa linamtoka. "Mzee, samahani. Mimi kuchora sijui. Lakini duka ndiyo kwanza linafunguliwa, na ukuta wake umewageuzia wateja mgongo. Hii si nuksi? Mafundi wamebakiza chokaa ndani. Tupake tu, halafu utachora tena, uwageuze." Na akaileta ndoo mwenyewe, imejaa, ina kifuniko, akaiweka miguuni kwa Ambrosi. Juu ya kifuniko kulikuwa na brashi.

Ambrosi aliitazama ile brashi. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Kule nyuma kuna mtu alikuwa anasema jambo la visogo na wenzake wanaangushana kwa kucheka, na miguu ya Ambrosi ilikuwa imeshaanza kukumbuka njia ya kuondoka sokoni. Mkono wake ukashuka, ukashika brashi ya chokaa. Leonia aliuona, akapiga hatua mbele.

Ambrosi akaiweka brashi mfukoni. Akageuka, akaikalia ndoo.

"Anayetaka chokaa," alisema, "aninyanyue kwanza."

Jigar akamtazama Janvi. Janvi akatazama juu, kama mtu anayehesabu ndege. Kumnyanyua mzee wa watu kutoka kwenye ndoo, sokoni, siku ya ufunguzi: hakuna biashara inayopona hapo. Valentino alikuwa anafungua mdomo kwa hotuba ya pili wakati mwanamke mwenye khanga mbili alipopenya katikati ya watu, akaenda moja kwa moja ukutani. Alikuwa Recheli, mjane wa Gerson wa gitaa la pili. Gerson alifariki mwaka wa nne huu.

Hakuuliza mume wake ni yupi. Alisimama mbele ya mgongo wa pili kutoka kushoto, ule wenye bega lililoshuka, akaliwekea kiganja lile bega.

"Huyu ni marehemu wangu," alisema.

"Ndiye, shemeji," alisema Ambrosi pale kwenye ndoo.

"Picha ya uso ninayo, ipo sebuleni, ile ya kitambulisho waliyoikuza. Haifanani naye. Kakodoa macho kama anasubiri sindano." Akaupapasa ukuta kama mtu anayenyoosha shati kabla ya safari. "Huyu sikuwa naye. Huyu ndiye niliyekuwa namtazama kila akienda stesheni, mpaka anakata kona. Alikuwa hageuki, maana alisema akigeuka hatakwenda."

Hakulia. Alicheka kidogo puani, akasema, "Hata kola umeikunja anavyoikunja vibaya." Valentino akavua kofia. Nyuma, mmoja wa wale waliokuwa wanaangushana akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa yule wa mwisho kulia si Shigela wa tarumbeta? Yule binamu yake Ambrosi. Mtazame kiuno."

Na hapo mambo yakageuka. Watu wakasogea. Kila mgongo ukaanza kukisiwa, na kila mtu alikuwa na ushahidi: huyu alinichezesha harusini kwangu, huyu alikuwa na kiraka palepale, mama mshonaji akadai ule mshono ni wake na ulikuwa mzuri zaidi. Waliokuja baadaye walikuta mjadala na hawakutaka kuondoka bila kuchangia. Jua lilipochoma wakaingia dukani kivulini, na dukani kuna vitenge, na mtu haingii penye vitenge akatoka mikono mitupu bila kuonekana maskini.

"Na huyu wa katikati," aliuliza mama wa karanga, "mbona mkono uko nyuma, anachezesha vidole?"

Ambrosi akatazama viatu vyake.

"Huo ni mtindo," alisema Valentino haraka.

"Mtindo wa kusahau," alisema Leonia, ambaye siri hiyo alikuwa nayo tangu miaka ya themanini na ilikuwa inamwasha. "Hapo neno limempotea. Anaomba besi imzungushie."

Soko likaangua kicheko. Valentino alisimama katikati yake na suti yake nyeupe, na kwa kitambo haikujulikana atakasirika au vipi. Akausogelea ukuta, akautazama ule mkono, vidole vitano, kila kimoja na kucha yake.

"Umeniwekea pete," alisema.

"Ulikuwa unaivaa."

"Nilifikiri huoni."

"Nilikuwa sina kingine cha kuona."

Valentino akatikisa kichwa, akawageukia watu, akaupeleka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, akachezesha vidole mbele ya picha yake, na shemeji zake wa Urambo wakapiga makofi kama wametoka naye Kigoma.

Saa saba mchana Jigar alirudi, kalegea, shati limemganda.

"Mzee, naomba unyanyuke."

"Nimeshasema."

"Si ya ukuta. Naitaka chokaa ya choo."

Ambrosi akanyanyuka, magoti yakilia, akamrudishia na brashi. Janvi alikuwa kwenye kizingiti anautazama ukuta, akiwahesabu kwa kidole.

"Sita. Mzee, bendi ilikuwa ya watu saba. Wewe hujajichora."

"Nipo. Ni hapo uliposimama."

Tangu siku hiyo mlango wa jiko pale Cheyo haukosi wageni, na wote wanataka jambo moja. Mshonaji anataka mgongo wa mama yake kwenye cherehani. Kwaya ya Kimoraviani ilituma wajumbe wawili kuuliza kama inawezekana kuchorwa kwa mbele, wakaambiwa inawezekana, wakarudi kujadili, wakasema basi iwe kwa nyuma kama wengine. Leonia ndiye anayepanga zamu, na hana huruma.

Wa kwanza kwenye zamu alikuwa Valentino, Jumatatu asubuhi, na suti ileile. Ambrosi akamkalisha kwenye kiti akielekea ukutani.

"Nitajuaje kama unanichora vizuri?"

"Hutajua. Usigeuke."

"Na nikitaka kusema kitu?"

"Kiseme kwa mgongo."

Valentino akavuta pumzi, akanyoosha mabega, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanyamaza, dakika kama nne hivi, Leonia akichungulia mlangoni ili aje awe shahidi.